Namna ya Kusikiliza Mpaka Mwenzako Aseme "Hapo Hapo": Mwongozo Kamili

"Nilimsikiliza saa nzima, sikumkatiza hata mara moja, mwisho akaniambia sijamsikiliza."

Malalamiko haya nimeletewa kwa sura nyingi: na waume, na wake, na wazazi wa vijana wa sekondari, hadi mwenyekiti wa kikoba aliyejaribu kusuluhisha wanachama wake wawili akaishia kugombana na wote. Kila mmoja anaapa kwamba alisikiliza. Ukimuuliza, "Haya, mwenzako alisema nini hasa?" anakupa majibu aliyomjibu.

Walisikia. Kusikia hakuna jasho: unasikia honi, unasikia baridi, unasikia njaa, unasikia harufu ya samaki anayekaangwa kwa jirani. Vyote vinakujia bila kuviita, na ndiyo maana wahenga wakasema sikio halilali na njaa. Kusikiliza unakufanya mwenyewe, kwa makusudi. Tena kukifanywa na wawili kunazaa kusikilizana. Muuzaji wa kitenge akikwambia "njoo, tutasikilizana", hazungumzii masikio, anazungumzia bei ambayo wote wawili mtaikubali.

Upo mtego mmoja ndani ya lugha yetu. Mtoto mkaidi tunamwambia "husikii", na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapo kusikia ni kutii. Wengi wetu tumekulia humo, tukaona kusikiliza ni kazi ya mdogo mbele ya mkubwa. Mwongozo huu unamtaka na mkubwa aifanye.

Kazi yenyewe ni hii: kumsikiliza mtu mmoja, kwa jambo moja, kwa muda wa nusu saa hivi, mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba umemwelewa. Kipimo kiko kwake. Mpishi hana mamlaka ya kutangaza kwamba mgeni ameshiba, na wewe huna mamlaka ya kutangaza kwamba umesikiliza.

## Mahitaji

- Nusu saa isiyo na jambo jingine nyuma yake. Ikiwa una safari baada ya dakika kumi, sema mapema na panga saa nyingine.
- Mahali ambapo mtu wa tatu hasikii. Sebule yenye mashemeji watatu haifai, hata kama wanatazama mpira.
- Simu iliyozimwa sauti na kuachwa chumba kingine. Kuilaza kifudifudi mezani hakutoshi, maana mkono unaijua njia.
- Maji ya kunywa, glasi mbili. Mtu akikwama katikati ya maneno, glasi inampa kitu cha kufanya.
- Masikio mazima.

Daftari usilete. Ukianza kuandika, mazungumzo yanageuka kuwa maelezo ya kituo cha polisi.

## Kwanza hakikisha tatizo si sikio

Hili watu hulipita haraka, halafu ndoa inateseka miaka kumi kwa sababu ya kitu ambacho daktari angekiona kwa dakika chache.

Uwezo wa kusikia unapopungua kwa umri au kwa makelele, mara nyingi sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea. Herufi kama *s*, *f* na *t* zina sauti nyembamba. Mtu wa namna hiyo atakwambia, "Nakusikia unaongea, ila maneno siyapati." Atamwelewa mwanamume mwenye sauti nzito, na mjukuu wake wa miaka minne asimwelewe. Ataongeza sauti ya redio mpaka nyumba nzima ikimbie. Kwenye ukumbi wa harusi atatabasamu tu na kutikisa kichwa.

Ukijiona humo, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Inawezekana ni nta tu imeziba. Usiichokonoe kwa vijiti vya pamba, kwani vinaisukuma ndani zaidi. Na ikiwa unafanya kazi karibu na jenereta, mashine ya kusaga au spika za matangazo, ziba masikio, maana seli zenye vinyweleo zilizo ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena.

Kuwa na masikio mazima, kwa upande mwingine, hakukufanyi msikilizaji. Kiziwi anayemtazama mwenzake akizungumza kwa Lugha ya Alama ya Tanzania anasikiliza kuliko wengi wetu tuliojaliwa masikio mawili.

## Mazoezi ya wiki moja kabla ya kumgusa mtu mwenye shida

Usianzie kwa mke aliyenuna. Anzia kwenye redio. Fungulia taarifa ya habari kwa dakika tano, zima, kisha sema kwa sauti ulichosikia: nani, wapi, nini. Siku ya kwanza utashangaa. Wengi hubakiwa na habari ya mwisho na nusu ya ile ya kwanza. Ikifika siku ya nne au ya tano, utaanza kushika hata ya katikati.

Kisha tafuta rafiki. Aongee dakika mbili kuhusu siku yake, wewe usiseme kitu. Akimaliza, mrudishie alichosema bila kuongeza maoni. Mbadilishane. Ni zoezi la kuchekesha na linachosha kuliko linavyoonekana.

## Hatua ya 1: Uliza umeitiwa nini

Kabla hajaanza, au mara tu anapoanza, uliza: "Unataka nikusikilize tu, au unataka tutafute la kufanya?"

Nusu ya ugomvi ninaoletewa unaanzia hapa. Mmoja alikuja kupumua, mwenzake akachukua nyundo na misumari. Aliyekuja kupumua anaona amedharauliwa, na mwenye nyundo anaona msaada wake umekataliwa.

Akisema "nisikilize tu", ahadi imewekwa na hutatoa ushauri leo. Akisema "nishauri", bado utapita hatua zote zilizo hapa chini, ushauri uje mwisho. Akisema "sijui", mchukulie kama aliyesema "nisikilize".

## Hatua ya 2: Kaeni vizuri

Msikae uso kwa uso kama mwajiri na mwombaji kazi. Kaeni kwa pembe, magoti yakielekea upande mmoja, ili anayeongea aweze kukutazama anapotaka na kutazama mbali anapotaka. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, kuna huduma iliyoanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda, ambapo bibi waliofunzwa huwasikiliza wagonjwa wa sonona wakiwa wameketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hakuna meza wala koti jeupe. Ni watu wawili kwenye benchi moja.

Zima redio na televisheni. Usiseme "napunguza sauti tu". Mwaka 1953 mtafiti Mwingereza Colin Cherry aliwavisha watu vipokea sauti, sikio hili maneno haya, sikio lile maneno mengine, akawataka warudie kwa sauti maneno ya upande mmoja. Waliweza. Lakini ya upande wa pili karibu hawakushika kitu: walijua ni sauti ya mwanamume au mwanamke, basi. Maneno yalipogeuzwa kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani, wapo ambao hawakugundua hata hilo. Masikio yote mawili yalikuwa yanasikia vizuri kabisa.

Vipi kuhusu kazi za mikono? Hapa nina kovu langu. Mdogo wangu wa kiume alinijia siku moja na habari ya uchumba uliovunjika. Mimi nilikuwa na ungo mapajani, nachambua mchele. Nikamwambia ongea tu, nakusikia. Akaongea karibu saa nzima. Alipomaliza akasimama, akautazama ungo, akasema: "Dada, mchele umekuwa msafi kweli." Akaondoka. Jambo lile hajanieleza tena hadi leo.

Tangu hapo sheria yangu ni kwamba kazi inayotaka macho iwekwe kando. Mchele unataka macho, dagaa wanataka macho. Kupukuchua mahindi hakutaki macho, vidole vinajua vyenyewe. Tena vijana wa kiume, na wanaume wengi watu wazima, huongea vizuri zaidi mkiwa mnapukuchua pamoja au mnatembea kuliko mkiwa mmekaa mnatazamana.

## Hatua ya 3: Usizipite salamu mbio

Mgeni wa lugha yetu anaweza kudhani salamu ni utangulizi usio na maana, kwani kila habari inajibiwa "nzuri". Sisi wenyewe tumeanza kuamini hivyo. Lakini kwetu mtu akiwa na msiba nyumbani atajibu "nzuri" kwanza, ndiyo adabu, halafu ukweli utafuata nyuma ya neno dogo.

Yasikilize maneno hayo madogo. "Nzuri, ila..." ni mlango ulio wazi kabisa. "Salama tu" ina *tu* isiyokuwepo jana. "Tupo" bila neno jingine. "Hajambo kidogo", ambayo maana yake mgonjwa bado ni mgonjwa. "Namshukuru Mungu", ikisemwa polepole na macho yakitazama chini.

Kosa linalorudiwa na karibu kila mtu ni kuuliza salamu inayofuata kabla ya iliyotangulia kujibiwa: habari za asubuhi-za nyumbani-watoto-kazi, pumzi moja. Uliza moja. Ngoja ijibiwe. Ukisikia *ila*, simama hapo hapo: "Ila?" Neno hilo moja linatosha, huhitaji kuuliza swali refu.

Utajua hatua hii imekwenda sawa usipolazimika kuuliza "sasa umekuja kwa lipi?" Jambo litakuwa limeshafika lenyewe.

## Hatua ya 4: Nyamaza, lakini usizimike

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walichapisha uchunguzi wa mazungumzo ya madaktari na wagonjwa. Kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Hesabu kichwani kutoka moja hadi kumi na nane uone ni fupi kiasi gani, kisha ujiulize kwako wewe ni ngapi. Mimi nilipojipima kwa saa ya ukutani, nikiwa na mwanangu, sikufika kumi.

Lengo la hatua hii ni kumwacha amalize maelezo yake ya kwanza. Akinyamaza, usiurukie ukimya. Hesabu moja, mbili, tatu. Mtafiti Mary Budd Rowe aliwachunguza walimu wa Marekani, akakuta wengi wakishauliza swali wanasubiri sekunde moja tu. Waliofundishwa kusubiri sekunde tatu walipata majibu marefu zaidi, na wanafunzi waliokuwa hawanyooshi mkono wakaanza kuongea. Kwenye mazungumzo ya shida, sentensi inayokuja baada ya ukimya ndiyo mara nyingi aliyokuwa anaisogelea.

Kunyamaza si kuganda kama sanamu. Anayeongea anahitaji kujua upo. Lugha yetu ina vitu vizuri sana kwa kazi hii: *enhe*, *ehe*, *mmh*, *kumbe*, *lo*. *Enhe* yenye sauti inayopanda mwishoni humwambia endelea. *Haya* kaa nayo mbali, kwa sababu wengi huisikia kama "maliza basi".

Kwenye simu ongeza hizi *enhe*, kwani uso hauonekani na ukimya unaogopesha. Akishasema "Haloo? Upo?" ujue umezidisha kunyamaza. Na zile sauti zinazotumwa WhatsApp usizisikilize kwa kasi ya mara mbili ikiwa ni za mtu mwenye jambo zito. Maneno utayapata yote, ila zile pumzi na zile kusitasita, ambamo ndimo jambo lilimo, zinakuwa zimebanwa hadi hazisikiki.

Sasa kuhusu *pole*.

Pole haikatazwi, na ukikosa kuisema utaonekana huna utu. Kinachoharibu ni pole inayokuja mapema. Pole ina jibu lake: "asante", au "nimeshapoa". Ukiisema dakika ya kwanza, mwenzako analazimika kwa adabu kukujibu, na akishajibu, ibada imefungwa. Hawezi kuendelea kulia baada ya kusema ameshapoa. Iweke mpaka amalize. Ndugu zake pole ni wabaya zaidi: "ndiyo maisha", "Mungu atajalia", "kuna wenye shida kuliko hizo". Yote yanaweza kuwa kweli, na yote yanamwambia funga mdomo.

Angalia: kichwa chako kinakimbia kuliko mdomo wake, na nafasi inayobaki utaijaza kwa kutunga jibu. Huwezi kuzuia hilo kwa nguvu. Kipe kichwa kazi nyingine, nayo ni hatua inayofuata.

## Hatua ya 5: Shika neno linalorudi

Wakati anaongea, tafuta neno au jambo analolirudia bila mwenyewe kujua. Inaweza kuwa jina la mtu, saa, mahali, kiasi cha fedha. Mtu anayesema hana tatizo na wifi yake, kisha akamtaja wifi huyo mara nne, ameshakwambia.

Likamate kama alivyolitamka. Akisema "ananidharau", usiliweke kichwani kama "wanagombana". Ukibadilisha neno umebadilisha jambo.

## Hatua ya 6: Mrudishie ulichopokea

Hii ndiyo hatua watu wanayoishindwa, na ndiyo inayotenganisha kusikia na kusikiliza. Maneno yanayoingia bila kurudi hakuna anayejua yameishia wapi.

Tazama mazungumzo haya. Binti anafanya kazi kwa fundi nguo mjini, amekuja kwa shangazi yake Jumapili. Ameamkia, ameitikiwa, wamekunywa chai.

— Shangazi, kazi ile mi naiacha.
— Uiache uende wapi? Unajua wangapi wanaitafuta? Vumilia mwanangu, hata mimi nilianza hivyo hivyo.
— Sawa, shangazi.

"Sawa, shangazi" ni sauti ya mlango kufungwa taratibu ili usisikike. Shangazi ataamini amemsaidia. Ataeleza hata kwa wengine jinsi alivyomsaidia.

Turudi mwanzo.

— Shangazi, kazi ile mi naiacha.
— Enhe?
— Nimechoka. Yule fundi mwenyewe hana neno, hela anatoa. Ila tunafunga saa mbili usiku, mpaka gari lipatikane ni saa tatu, mpaka nifike huku...
Shangazi kimya. Moja, mbili, tatu.
— Juzi nimeshuka pale kituoni taa zote zimezimika. Saa tatu na nusu hiyo.
— Kwa hiyo kazi yenyewe huichukii na fundi hana tatizo. Kinachokuchosha ni kuchelewa kurudi.
— Siyo kuchoka, shangazi. Naogopa.
— Unaogopa hapo kituoni.
— Hapo hapo! Kuna wale wanaokaa pale kwenye kona, juzi mmoja akanifuata mpaka karibu na msikiti.

Shangazi alikosea. Alishika "nimechoka" akadhani ndilo lenyewe, ingawa saa zilikuwa zimetajwa mara tatu. Lakini kwa kuwa alirudisha alichoshika, binti aliweza kumsahihisha. Angelikaa nalo kimoyomoyo, wangemaliza Jumapili nzima wakizungumzia uchovu.

Kwa hiyo "siyo hivyo" si kushindwa. Ni jibu zuri kama "hapo hapo", maana linakuonyesha njia. Kushindwa ni "sawa", "ndiyo", "kama ulivyosema" inayotoka bila uhai. Ukiisikia, rudi nyuma: "Naona kama sijakupata vizuri. Hebu nieleze tena hiyo sehemu ya kurudi."

Namna ya kurudisha: anza na "kwa hiyo", "yaani", au "nimesikia hivi". Sema kwa ufupi kuliko alivyosema yeye. Tumia maneno yake. Usiongeze sababu, usiongeze hukumu, usiongeze mfano wako. Na usikariri kila sentensi kama kasuku. Mara tatu au nne ndani ya nusu saa inatosha.

Utajua umefika pale mwili wake utakapobadilika kabla ya mdomo. Mabega hushuka. Hukohoa, hunywa maji. Husema "ehe", "hapo hapo", "ndicho ninachosema", na mara nyingi kasi ya maneno yake hupungua, kwa kuwa hana tena haja ya kukushawishi.

## Hatua ya 7: Uliza bila kushtaki

Sasa unaruhusiwa kuuliza. Moja moja.

Epuka "kwa nini". Kwetu "kwa nini" ni swali la mwenye fimbo: kwa nini umechelewa, kwa nini hukusema, kwa nini ulimfuata. Hata ukiliuliza kwa upole, sikio la mwenzako limeshalisikia utotoni. Tumia "ilikuwaje", "ikawaje", "ukajisikiaje". Badala ya "kwa nini hukuniambia mapema?" sema "ni nini kilikuwa kinakuzuia kuniambia?" Jambo ni lile lile, ila la kwanza linataka utetezi na la pili linataka simulizi.

Usiulize ili ushibe udaku. Kuna kipimo rahisi: je, jibu litanisaidia kumwelewa, au litanisaidia kusimulia? Binti ametaja wale wa kwenye kona. Huhitaji kujua ni watoto wa nani leo.

Angalia sana: akikwambia maneno kama "bora nisiwepo" au "nimechoka kuishi", usiyafunike kwa "usiseme hivyo". Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Kunamwonyesha kwamba anaweza kulisema. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na mfikishe hospitali. Ikiwa anayeumizwa ni mtoto, namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, inapigwa bure Tanzania na Kenya. Hapo ahadi ya siri inakoma, na ni vizuri umwambie hivyo mwenyewe kabla hujapiga.

Ukiacha hayo, siri ni siri. Kumweleza mume wako "lakini usimwambie mtu" tayari ni kumwambia mtu.

## Hatua ya 8: Msindikize

Usiagane na mtu mlangoni. Vaa ndala, mtoke wote, umfikishe angalau pale barabara inapokata.

Ni desturi, najua, lakini ninaisema kwa sababu ya kazi tuliyo nayo. Mtu aliyeshika jambo zito nusu saa nzima hulitoa wakati anajiandaa kuondoka. Mmeshaagana, ameshashika pochi, halafu: "Halafu, unajua..." Hiyo *halafu* isikie. Njiani hamtazamani, giza linaingia, mwisho wa mazungumzo unaonekana pale mbele, na hayo yote yanalegeza ulimi. Nimeambiwa mambo makubwa kwenye mita mia moja za kusindikizana kuliko sebuleni kwangu.

Kama mmefika mwisho wa njia na neno ndiyo kwanza limetoka, rudini. Akusindikize yeye, kisha umsindikize tena. Waswahili tulishazoea kusindikizana mara mbili, hakuna atakayeshangaa.

Ukiwa na ushauri, na aliuomba, huu ndio wakati wake. Mmoja tu, na uwe mfupi.

## Hatua ya 9: Kesho yake

Wengi huishia hatua ya nane wakadhani wamemaliza. Ila mwenzako hajui bado kama maneno yake yalibaki nawe au yalibaki barabarani. Chukua jambo moja dogo alilolitaja, dogo kabisa, uliguse siku inayofuata. Usiandike "pole na yale ya jana", kwani hilo unaweza kumwandikia yeyote. Gusa lile ambalo ni lake.

Shangazi yetu alifanya hivi. Jumatatu, saa tatu na robo usiku, akatuma ujumbe: "Umeshapata gari? Ukikaribia kushuka niambie, niko na mjomba wako hapa kituoni."